Saba Yenye Mkia

Mwalimu alikuwa hawezi kukaa karibu na maandishi akayaacha bila kuyasoma. Tangu tumpakie alikuwa ameshasoma kibandiko cha mkanda wa kiti, jina la kiwanda cha vioo, na onyo lililochapwa kwenye kava la kukinga jua. Sasa alishusha miwani puani, akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo cha mbele.

"Nyuma ya hii kadi ya namba yenu ya muda kuna masharti," alisema. "Yako saba."

"Tusomee, Mwalimu," dada yangu alisema, macho barabarani. "Safari itakuwa fupi."

Nilikuwa nimekaa nyuma yao, nimekishika kiti cha magurudumu kisigongegonge, mkoba wangu wa brashi katikati ya miguu. Nilikuwa na furaha zangu. Dada alikuwa ameendesha magari ya watu kwa miaka kumi na mmoja, na hii ilikuwa siku ya kwanza kushika usukani ulio wake. Hospitali ilikuwa imempa majaribio ya kubeba wagonjwa wa figo. Mwalimu, mstaafu wa siku nyingi, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Zamu yake kwenye mashine ya kusafisha damu ilikuwa saa tatu. Ikifika saa tatu na robo hayupo, kitanda kinapewa mwingine, naye arudi nyumbani na miguu yake iliyovimba asubiri kesho kutwa. Na dereva anayechelewesha mgonjwa siku ya kwanza haitwi siku ya pili.

"Sharti la kwanza," Mwalimu alisoma kwa sauti ya darasani. "Namba ya muda itatumika siku kumi na nne tu tangu ilipotolewa. La pili. Kadi moja ibandikwe kioo cha mbele, nyingine kioo cha nyuma, maandishi yatazame nje. La tatu. Isomeke na mtu mwenye macho mazima kutoka hatua kumi na tano."

"Yangu inasomeka hatua hamsini," dada alisema. "Gari hili halina kosa hata la kukohoa."

"La nne. Maandishi ya kadi hayaruhusiwi kuongezwa, kupunguzwa wala kurudiwa na mtu yeyote. Yakififia, mwenye gari airudishe kadi ofisini, atapewa nyingine siku hiyohiyo bila malipo."

Niliusukuma mkoba wa brashi nyuma ya visigino.

"La tano. Kadi iliyoguswa ni batili. Gari litazuiwa mpaka ofisi ya usajili ithibitishe."

"Safi," dada alisema. "Wanaochezea tarehe wakome."

Mimi sikuchezea tarehe. Nataka hilo lieleweke mapema. Niliiandika upya.

Ilikuwa jana yake mchana. Dada aliniachia gari nilichore: ubavuni maneno USAFIRI WA WAGONJWA na chini yake namba yake ya simu. Mlango wa nyuma aliniambia niuache mtupu. Sikuuacha. Nikaandika beti langu la mistari miwili:

*Nabeba wenye maradhi, wafike wangali hai,*
*Ninakwenda kwa hifadhi, wala mimi sijidai.*

Nilikuwa nalitazama likikauka, jicho likapanda mpaka kwenye kadi ya kioo cha nyuma. Karani wa usajili aliiandika kwa kalamu ya wino wa bluu, mkono wa mtu anayewaza chakula cha mchana. Jua la siku tisa lilikuwa limeula ule wino mpaka ukabaki kama mshipa chini ya ngozi. Tarehe ya mwisho, 27, ilisomeka kwa kubembelezwa. Na chini yake herufi zangu nyeusi ziling'aa.

Sikufundishwa na mtu kuchora herufi. Nilijifunza peke yangu kwa kunakili majina ya maduka, kipande cha mkaa mkononi, na leo hakuna mtaa mjini mwetu usio na mkono wangu. Wananiita Brashi. Ningeliachaje gari la dada yangu liende hospitali na namba inayokata roho?

Nikazibandua kadi zote mbili. Karatasi hunywa rangi, ndiyo maana siku zote natanguliza gundi ya maji, nyepesi, naiacha ikauke, kisha naandika juu yake. Ya nyuma niliifanyia hivyo. Ilipofika zamu ya kadi ya mbele, dada alipiga simu kwamba yuko njiani, nikairuka gundi. Namba ileile, tarehe ileile, sikuongeza hata nukta. Ila saba niliipa mkia wangu, ule unaokunjika kushoto kama wa paka aliyelala. Sijui kuandika saba nyingine.

Asubuhi dada alilizunguka gari, kikombe cha chai mkononi, giza halijatoka vizuri.

"Mbona leo namba zinaonekana? Umefuta vioo?"

"Nimefuta," nikasema, nimeegemea mlango wa nyuma, mgongo umefunika beti.

Basi. Neno moja. Na sasa Mwalimu alikuwa amefika sharti la saba, na mbele yetu, kwenye mteremko wa kushukia darajani, magari yalikuwa yamesimama.

"Nini tena?" dada akauliza.

Askari wa barabarani walikuwa wameweka vizuizi. Magari ya namba za kudumu yalipita bila kusumbuliwa. Yenye namba za muda yalielekezwa pembeni. Manne yalikuwa yameshaegeshwa huko, vioo vya mbele vitupu, wenye magari wakiongea na simu zao kwa mikono miwili.

"Wanasaka walioongeza siku," dada alisema, akawasha taa ya pembeni hata kabla hajaambiwa. "Sisi tuna siku tano mbele. Dakika mbili hapa."

Ilikuwa saa mbili na robo. Kutoka darajani mpaka hospitali ni dakika ishirini.

Afande aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo, fulana ya kung'aa juu ya sare, hatua zake za taratibu kama za mtu anayepima kiwanja. Alisimama mbele ya gari. Akarudi nyuma hatua kadhaa. Akasogea tena.

"Habari za asubuhi, dada."

"Salama, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Kadi hii umeipata wapi?"

"Ofisi ya usajili, afande."

"Ofisi gani ya usajili ina karani mwenye mwandiko mzuri hivi?"

Mungu anisamehe: moyo wangu ulifurahi kidogo.

Dada alicheka, akidhani ni utani. Afande hakucheka. Aliingiza mkono dirishani, akabandua kadi, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii ni rangi. Si wino. Ofisi haiandiki kwa rangi." Akapitisha ukucha juu ya tarehe. "Ilikuwa ishirini na moja. Moja ikavalishwa kofia, ikawekewa mkia, ikawa saba. Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili," Mwalimu akajibu, kwa mazoea ya kazi.

"Basi muda uliisha jana. Shuka, dada."

Dada alishuka. Sijawahi kumwona dada yangu akishuka garini namna ile, mguu mmoja ukisubiri mwingine uamue. "Afande, kuna makosa. Mimi nimeichukua kwa mkono wangu, nimeibandika kwa mkono wangu. Karatasi nyingine zote wamebaki nazo ofisini mpaka namba ya kudumu itoke, ndiyo utaratibu wao. Wapigie."

"Nitawapigia."

"Na nikatwe mkono huu kama kuna mtu aliyeigusa kadi hiyo." Akaunyosha kabisa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa karibu, ulimi ulikuwa wangu. Badala yake nikafungua mlango kwa hasira.

"Saba ni saba, afande! Unataka iweje? Kuna mgonjwa humu ndani!"

"Kijana, nimeongea na wewe?"

"Brashi, nyamaza," dada alisema.

Nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani niliambiwa ninyamaze nikashukuru.

Afande akapiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. "Wanafungua saa mbili na nusu," alisema. "Wakifungua wanakunywa chai. Mtasubiri."

"Mgonjwa wangu ana zamu saa tatu."

"Mwenzako yule pale ana harusi. Yule wa gari jeupe ana ndege. Leo kila mtu ana lake."

Mwalimu akatoa kichwa dirishani. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini sauti ilikuwa bado ya mtu mwenye chaki. "Mwanangu, ulisoma shule gani?"

"Si kwako, Mwalimu."

"Basi. Nilikuwa naulizia tu."

Akarudisha kichwa ndani. Niliona kwenye kioo anafungua kamba za viatu, kwa sababu miguu ilikuwa haienei tena. Saa mbili na nusu ikapita. Simu ikaita, haikupokelewa. Saa mbili na dakika thelathini na tano. Dada alisimama kando ya gari lake, mkono umefunika mdomo. Hakunitazama, kwa sababu hakuwa na sababu ya kunitazama. Hilo ndilo lililonichoma zaidi ya yote: kwamba katika watu wote waliokuwa pale darajani, mtu pekee ambaye dada hakumshuku alikuwa mimi.

Nilijipangia maneno. Nitasema wakishapokea simu, nikajiambia. Ofisi itathibitisha ni 27, tutaondoka, na dada nitamweleza jioni taratibu, kama mzaha. Nilikuwa bado naiokoa sifa yangu, unaona, wakati miguu ya mwenzangu inavimba.

Afande alikuwa analizunguka gari. Akasimama mlango wa nyuma, akasoma beti midomo ikicheza. Akaja ubavuni, akainama kwenye namba ya simu ya dada. Ilikuwa na saba tatu. Akainua kadi, akaiweka kando ya ile saba ya kwanza. Akaihamishia kwenye ya pili. Hakuharakisha.

"Dada, njoo uone," aliita. "Aliyechora hizi ndiye aliyechora hii."

Dada akaja. Akatazama ubavu, akatazama kadi. Kisha akageuka, akanitazama mimi.

Nimewahi kupigwa, nimewahi kuanguka kwenye ngazi na debe la rangi kichwani. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia na yale macho.

"Umeniambia umefuta vioo," alisema.

"Nilikudanganya."

"Mimi nimeapa. Nimetoa mkono wangu, Brashi."

"Afande," nikasema, na sauti yangu haikuwa na moto wowote, ilikuwa kama ya mtoto aliyevunja chungu. "Ni mimi. Yeye hajui kitu. Wino ulikuwa umefifia, nikaupitia juu. Tarehe sikuibadilisha. Andika mimi, mwache yeye aende."

"Ulibadilisha au hukubadilisha, nitajuaje? Kwa uzuri wa mwandiko?"

"Wino wa karani upo chini."

"Basi ufunue. Wewe si ndiye uliyeufunika?" Akaninyoshea kadi. "Nikiona 27 chini ya 27 yako, gari linaenda, wewe unabaki. Nisipoona kitu, mnabaki wote."

Nilifungua mkoba. Chupa ya tapentaini ya kufutia rangi ilikuwa nusu, na kitambaa safi kilikuwepo. Nikaipokea kadi, na vidole vyangu vikajua kabla ya kichwa. Ilikuwa ya mbele. Ile niliyoruka gundi.

"Afande, si hii. Nipe ya nyuma."

Alifinya macho. "Kwa nini unachagua?"

Ningeweza kutunga kitu. Kutunga ndiko ninakokujua. "Kwa sababu hii niliifanya ovyo," nikasema. "Karatasi imeinywa rangi. Nikiifuta, rangi na wino vitaondoka pamoja, utabaki na doa. Ya nyuma nilitanguliza gundi ya maji. Tapentaini inaondoa rangi lakini gundi haiiwezi. Wino uko chini ya gundi."

"Una hakika?"

"Kazi ya kadibodi sijawahi kuifuta kwa tapentaini, afande. Nimeandika tu."

"Yaani hujui."

"Sijui."

Aliichukua ile ya mbele mkononi mwangu. Kisha akaenda mwenyewe akabandua kadi ya nyuma.

"Angekuwa na la kuficha angeniambia zote zimefutika," alisema, kwa dada, si kwangu. "Dakika tano."

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na nne.

Niliilaza kadi juu ya ubao wangu wa kuchanganyia rangi, nikapiga magoti kwenye changarawe. Nikalowanisha ncha ya kitambaa, si sana. Nikaanza na mkia. Ulikuwa mkia mzuri, niseme ukweli, pengine mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora, na nilipougusa ukavimba, ukalainika, ukatambaa. Kadi ikawa nyeusi. Nikageuza kitambaa, nikafuta, ikazidi kuwa nyeusi, doa likasambaa mpaka kwenye mbili. Nyuma yangu nilisikia mtu wa harusi akisema, "Huyo ndiyo anaimaliza kabisa."

"Brashi," dada alisema kwa sauti ya chini.

"Bado."

"Brashi, inatoka kitu?"

"Dada, bado!"

Sehemu nyingine ya kitambaa. Tone jipya. Nikaishikilia kadi kwa mkono mwingine. Nikafuta kwa mzunguko mdogo mdogo, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Weusi ukageuka kijivu. Kijivu kikapasuka katikati, na chini yake, chini ya kioo chembamba cha gundi, ukatokea ubluu.

Kwanza ikaja mbili. Kisha kofia ya saba. Kisha mguu, umeinama vibaya. Nikaacha kufuta. Bado mtu angeweza kusema ile ni moja yenye kofia ndefu.

"Endelea," afande alisema. Alikuwa amechuchumaa kando yangu, sikumwona anafika.

Nikaendelea. Na katikati ya mguu, kikatokea kistari. Karani yule, na mwandiko wake wa njaa, alikuwa mtu wa kuikata saba yake tumboni. Sikukikumbuka kabisa. Jana niliona ni uchafu wa kalamu, nikakiacha nje. Hakuna mtu duniani anayeweka kistari kwenye tumbo la moja.

Afande aliichukua kadi, akaielekeza kwenye jua, akapitisha kidole kwenye muhuri, akaitazama kwa upande.

"Ishirini na saba," alisema.

Dada alikuwa ameshaushika mlango wa dereva.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Afande aliandika kwenye kitabu chake kwamba gari limekaguliwa na tarehe ni halali, liende hospitali, na likitoka hospitali liende moja kwa moja usajili kupewa kadi mpya kabla ya kufungwa ofisi. Akachana ukurasa, akaugonga muhuri, akampa dada. Ilikuwa saa mbili na dakika hamsini na mbili.

"Wewe unabaki," aliniambia. "Utaandika maelezo hapa, halafu tutakwenda wote kituoni. Sharti la nne haliulizi kama mwandiko ulikuwa mzuri."

"Sawa, afande."

Mwalimu akanyosha mkono dirishani, akanishika bega. "Kijana. Ulipewa karatasi, hukugeuza upande wa pili. Hata wanafunzi wangu wa mwisho darasani walikuwa wanageuza."

Dada alikuwa ameshawasha gari. Nilingoja aniseme. Ningependa angenisema. Alinitazama kupitia dirisha la pili, akaweka gia, akaondoka. Nililitazama beti langu likipanda daraja, likawa dogo, likapotea nyuma ya lori.

"Gari halijidai," afande alisema, akilitazama vilevile. "Mchoraji wake je?"

Niliufunga mkoba wangu wa brashi.

Walinipa kiti cha plastiki chini ya mwavuli wao, karatasi na kalamu ya bluu. Niliandika nilichofanya. Sikupamba. Kila baada ya mstari nilitazama saa ya afande mezani. Saa tatu. Saa tatu na dakika tano. Na kumi. Mwenye harusi alikuwa amekaa juu ya boneti, tai mfukoni. Saa tatu na robo. Saa tatu na dakika kumi na sita, kumi na saba. Niliiweka kalamu chini.

Simu yangu ikalia saa tatu na ishirini.

"Mwandishi!" Ilikuwa sauti ya Mwalimu, na nyuma yake kitu kikivuma taratibu, kikivuta na kusukuma. "Nimeshaunganishwa. Tuliripoti dakika mbili kabla ya muda. Muuguzi alikuwa ameshaanza kumwita mwingine. Hapa ukutani kuna masharti ya wagonjwa, yako kumi na moja. Subiri, dada yako huyu."

Simu ikabadilisha mkono.

"Wamesema nije tena kesho kutwa," dada alisema.

"Dada, nisa..."

"Usianze. Nikitoka usajili napita kituoni kukufuata. Utakaa kiti cha nyuma, na hutaongea." Akashusha sauti. "Na lile beti nimelisoma nilipoegesha. Tutaliongelea."

Akakata.

Nikaokota kalamu. Chini ya maelezo palihitajika tarehe, jina na namba ya simu. Namba yangu nayo ina saba mbili. Nilishusha ya kwanza wima, mkono ukataka kukunja kushoto kwa mazoea, nikauzuia. Nikaweka kistari tumboni. Ilikuwa saba mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika.

Afande aliichukua karatasi, akaisoma yote, mbele na nyuma.

"Inasomeka," alisema.